Jawahir wa Kwa Shamso

"Walitaja jina gani?" Inspekta Roda Komora aliuliza tena.

Shamso alikuwa amekwisha kuchoshwa na swali hilo. Alisimama katikati ya ua wake, hapa mtaa wa Bulla Iftin, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukielekea chumba cha mwisho, ambacho mlango wake ulikuwa umelala chini pamoja na bawaba zake.

"Afande, mimi nimesema kila kitu. Jana baada ya salat dhuhri, gari ya bikabu nyeube, haina namba. Watu wawili. Mmoja akauliza, 'Hapa ni kwa Shamso?' Nikasema ndio. Akasema, 'Toa Jawahir wa Takaba.' Mimi nikasema Jawahir sijui, hapa iko Raho tu. Basi akafunja mlango."

"Raho alikuwa wapi?"

"Kwa jirani, anasuka nywele ya mtoto. Allah amemlinda, walaahi. Wakaniambia, 'Mwambie akisimama mbele ya hakimu, atafuata bwana yake.' Halafu wakaenda."

Raho hakuwa Raho. Hilo lilikuwa jina alilopewa na polisi siku alipoletwa kufichwa. Jina lake hasa lilikuwa Jawahir, mjane wa dereva wa lori aliyeitwa Abshir. Tajiri mmoja wa mizigo, Aden, alimtaka Abshir abebe bunduki chini ya magunia ya sukari kutoka upande wa Liboi. Abshir akakataa. Aden akampiga risasi papo hapo barabarani, bila kujua kwamba mke wa dereva alikuwa amelala kwenye kitanda nyuma ya kiti. Kesi ilikuwa Alhamisi, na leo ni Jumanne. Bila macho ya Jawahir hapakuwa na kesi, na Aden angerudi nyumbani kwake kunywa chai.

Roda alikuwa Mpokomo wa Hola, mwanamke mfupi mwenye subira ndogo na kumbukumbu kubwa. Alikuwa amefanya kazi Garissa muda wa kutosha kujua kwamba hapa siri haikai, ila pia alijua kwamba siri haitembei peke yake. Kuna mtu huibeba. Alimshukuru Shamso, akatoka nje ya geti, akamsimamisha mwenye duka wa kwanza.

"Kaka, kwa Shamso ni wapi?"

"Shamso gani?"

"Huyu hapa, geti la kijani."

"Ahaa. Hiyo ni kwa Mzee Shuaib."

Akamuuliza fundi viatu. Kwa Mzee Shuaib. Akamuuliza mama aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia kwenye vibuyu vya plastiki. Naye akasema ni kwa Mzee Shuaib, tena akashangaa kwamba kuna afisa wa serikali asiyejua. Roda alirudi kwenye gari akitabasamu kidogo, jambo ambalo wenzake walikuwa wamejifunza kuliogopa.

*

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kumpata mhalifu bila kuinuka kitini.

"Ni Najib," alisema. "Dereva. Ndiye aliyempeleka yule mama pale. Mimi, wewe na yeye tu ndio tuliojua. Mimi sikusema. Wewe ulisema?"

"Hapana, bwana."

"Basi hesabu imekwisha. Mweke ndani."

Najib aliletwa akiwa amekunja kofia yake kama anakamua nguo. Roda hakumtisha. Watu waliotishwa humpa mpelelezi kile anachotaka kusikia, na yeye hakujua bado anataka kusikia nini.

"Yule mama ulimpeleka wapi?"

"Kwa Mzee Shuaib, madam. Bulla Iftin."

"Kwa Shamso unapajua?"

"Shamso yupi?"

"Na yule mama anatoka wapi?"

"Liboi. Si ndiyo imeandikwa kwenye faili? Mkazi wa Liboi."

"Takaba je?"

Najib alimtazama mkuu wa kituo, kisha Roda, akitafuta mtego ulipo. "Takaba ni Mandera huko, madam. Sijawahi hata kufika."

Roda alimwambia aende akanywe maji. Mlango ulipofungwa, mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kununa.

"Unamwachia?"

"Bwana, wale watu waliuliza nyumba kwa jina la mwanamke. Mtaa mzima unaijua kwa jina la mumewe, Mzee Shuaib. Na walimtaka Jawahir wa Takaba. Kwetu ni wa Liboi kwa sababu aliolewa Liboi. Takaba ni kwao utotoni. Habari hii haikutoka kwenye gari letu wala kwenye faili letu. Imetoka kinywani mwa Jawahir mwenyewe, ikamfikia mtu aliyekua naye."

"Kwa hiyo mama amejisaliti?"

"Kwa hiyo mama ana ndugu," Roda alisema.

*

Jawahir alikuwa amehamishiwa chumba kimoja katika nyumba za askari wanawake, mahali ambapo Najib mwenyewe alimpeleka kwa amri ya Roda. Alikaa kwenye mkeka akiegemea ukuta. Simu yake, kabambe ya vitufe isiyojua mtandao ni nini, ilikuwa mapajani.

"Abaayo," Roda alisema, kwa kuwa neno hilo la dada lilikuwa miongoni mwa machache ya Kisomali aliyoyatamka bila kuchekwa, "nilikwambia usimpigie mtu."

Jawahir aliinamia simu.

"Sikuja kukugombeza. Nataka jina."

"Leyla," Jawahir alisema mwishowe. "Binti ya habaryar yangu, dada ya mama. Tumelelewa nyumba moja Takaba. Nilimpigia mara moja tu. Ilikuwa Idd." Alinyanyua uso. "Wewe unajua Idd kukaa chumbani peke yako, unasikia watoto wa watu wanacheka nje? Kwa jina ya mtu mwingine? Nilitaka mtu aniite Jawahir, hata kwa dakika moja. Basi."

Roda alihisi huruma ikimpanda, akaiacha ipande. "Ulimwambia uko wapi?"

"Nilisema niko Bulla Iftin kwa mama mzuri anaitwa Shamso. Asiwe na wasiwasi." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Lakini Leyla hawezi kuniuza. Afande, Leyla akinyamaza, ananyamaza. Hata ukimchinja."

*

Leyla alikuwa akiuza mabuibui hapo hapo Garissa, kwenye duka dogo lenye kioo kikubwa na taa nyingi kuliko haja. Alipoelezwa kilichotokea alikaa juu ya boksi la bidhaa, akalia kwa hasira.

"Mimi nimwambie nani? Hata mama yangu sikumwambia! Chukua simu, angalia ujumbe zote, angalia kila kitu!"

Roda aliichukua. Ujumbe ulikuwa wa wateja tu: bei, rangi, urefu. Hapakuwa na neno juu ya binamu. Akafungua majina yaliyohifadhiwa, akatafuta Jawahir, na kioo kikajaa. Jawahir Wajir. Jawahir Harusi. Jawahir Mweupe. Jawahir Deni. Chini yao akamwona anayemtafuta: Jawahir Takaba Kwa Shamso Bulla Iftin.

"Mbona umemwandika hivi?"

"Ningemwandikaje, afande? Jawahir wamejaa. Huku kila mtu tunamsevu na kwao au na sifa yake, la sivyo utampigia mtu mwingine aibu ikupate." Leyla alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini iko ndani ya simu yangu. Simu yangu haijatoka mkononi."

Roda aliitazama simu upya. Hakuwa mtu wa mitandao. Akaunti yake ilikuwa na picha moja, ya mbuzi. Lakini mwaka uliopita alikuwa amekalishwa kwenye mafunzo ya wizi wa akaunti, na kinyume cha wenzake hakusinzia. Alifungua akaunti ya Leyla ya mtandao wa kijamii, akaenda kwenye mipangilio, mahali ambapo watu hawaendi, penye programu zote za watu wengine ambazo mwenye akaunti amewahi kuzifungulia mlango.

Zilikuwa nyingi. Ya kukuonyesha utakavyokuwa ukizeeka. Ya kukutabiria jina la mume. Ya maswali ya akili. Karibu zote zilikuwa na ruhusa ya kujua jina na picha, upuuzi wa kawaida. Moja tu ilikuwa na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu, na kuyasoma upya kila inapofunguliwa. Iliitwa Abtirsi Yetu.

"Hii ni nini?"

Leyla karibu acheke katikati ya machozi. "Hiyo? Hiyo kila mtu anayo, hata masheikh. Unaingia kwa akaunti yako, unaandika jina lako, la baba, la babu, mpaka unapojua. Sisi abtirsi tunafundishwa tukiwa wadogo, kutaja mababu mmoja mmoja. Halafu inakuonyesha jamaa zako walio Wajir, Nairobi, mpaka Ulaya."

"Ukaipa majina ya simu yako."

"Iliomba. Ilisema ni ili isimwache mtu nje." Akasita. "Kumwacha mtu nje ya ukoo ni tusi, afande. Kuna wazee waligombana mpaka wakashikana ndevu kwa sababu ya jina moja lililorukwa. Kwa hiyo iliponiuliza, nikabonyeza ruhusu. Nani atasema hapana?"

Aliitazama simu mkononi mwa Roda, na rangi ikamtoka usoni taratibu.

"Mimi ndiye," alisema. "Ya Rabbi. Ni mimi."

"Si wewe peke yako," Roda alisema. "Vaa viatu. Tunaenda kumwona mwenye mlango."

*

Aliyeitengeneza Abtirsi Yetu aliitwa Diriye, kijana mwenye ndevu changa na ofisi ya chumba kimoja ghorofani, na feni iliyokuwa ikipiga kelele kuliko kazi. Aliwakaribisha kwa soda. Alijivunia kazi yake, na haikuwa vigumu kuona sababu.

"Madam, hii kitu ni ya kusaidia jamii, walahi. Kukitokea shida, wazee wakitaka kuchanga qaraan ya ukoo, hawahangaiki kutafuta nani ni nani. Wanaingia tu, wanapata majamaa wote. Watu wanaingia wenyewe, hakuna mtu nimeshikia bunduki."

"Jawahir aliingia mwenyewe?"

"Jawahir gani?"

"Tafuta. Jawahir Takaba."

Diriye aliandika. Ikatoka mara moja: jina zima kama Leyla alivyoliandika, kwa Shamso, Bulla Iftin, na namba ya simu chini yake. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa mtandao maishani alikuwa pale kwenye kioo, tayari kwa yeyote mwenye haja naye.

"Huyu ana simu ya vitufe," alisema. "Hajui hata kama wewe upo duniani. Nani alikupa ruhusa yake?"

Diriye alitazama kioo. "Ni... ilitoka kwa simu ya rafiki yake. Rafiki alikubali."

"Rafiki alikubali mambo yake. Ya Jawahir si yake kukubali." Leyla aliinamisha kichwa. Roda hakumngoja Diriye ajitetee. "Nani amemtafuta huyu wiki hii?"

"Hiyo hairekodi, madam. Nilikuwa nabania nafasi. Mtu akijiandikisha tu anaweza kutafuta yeyote."

"Kuna mwingine mwenye nakala ya haya yote?"

Kijana alikuna ndevu. "Kuna kampuni ya matangazo. Wanachukua. Ndio wanalipa mtandao na kodi ya ofisi. Lakini wako poa."

"Unawajua kwa sura?"

"Kwa imeili."

Diriye alisogeza mkono kwenye kibodi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nimfute sasa hivi?"

"Usiguse," Roda alisema. "Utamfuta nikikwambia. Yeye na wote ambao hawakukuomba."

Alimgeukia Leyla. "Fungua simu yako. Badilisha maelezo ya binamu yako. Andika: Jawahir Takaba, kwa Mwalimu Idman, nyuma ya soko la mifugo. Kisha ifungue hiyo Abtirsi yako ikasome."

Leyla aliandika, akaifungua Abtirsi. Diriye akatafuta upya, na jina likatoka na anwani mpya.

Mwalimu Idman alikuwa amehamia Wajir, na nyumba yake ilikuwa tupu, ufunguo wake ukiwa kituoni kwa ombi lake mwenyewe. Roda alipiga mahesabu yake tena kwa makini. Najib na mkuu wa kituo walijua Jawahir yuko katika nyumba za askari. Anwani hii ya uongo haikujulikana na mtu yeyote ila Leyla na Diriye, ambao tangu sasa wangekaa chini ya macho ya askari, na yeyote atakayemtafuta Jawahir ndani ya Abtirsi Yetu. Wauaji wakienda kwenye nyumba za askari, Roda atakuwa amemdhulumu mkuu wake na Najib ni msaliti. Wakienda nyuma ya soko, mlango ni huu.

*

Jumatano ni siku ya mnada. Soko la mifugo lilikuwa limefurika ng'ombe na vumbi, na sauti za madalali zilifika mpaka kwenye chumba cha mbele cha nyumba iliyotazamana na ya mwalimu, ambako Roda alikaa nyuma ya pazia pamoja na askari wanne wenye nguo za kiraia.

Simu yake ililia asubuhi. Alikuwa Bishar, kaka mkubwa wa marehemu Abshir. Bishar alipiga kila siku. Ndiye aliyekuja kituoni wa kwanza, akilia, akaomba polisi wamfiche shemeji yake kabla hajauawa.

"Afande, asalaam aleikum. Nimesikia walifamia nyumba. Jawahir ni msima? Yuko wabi sasa? Niambie, moyo yangu haitulii."

"Ni mzima, mzee. Yuko salama. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Allah akulibe," Bishar alisema, na akakata.

Pikapu nyeupe isiyo na namba ilifika jua likiwa utosini, wakati watu wengi walikuwa msikitini. Ilipita mara moja taratibu, ikageuka, ikasimama. Vijana wawili wakashuka, mmoja mkono ukiwa ndani ya koti, na hali jua lilikuwa la kuchoma. Hawakwenda mlangoni. Walisubiri mtu wa tatu ashuke, mzee mwenye kofia ya tarizi na bakora, naye ndiye aliyebisha.

"Jawahir," aliita kwa sauti ya upole. "Fungua, mama. Ni mimi, Bishar. Nimekuja kukurudisha nyumbani."

Roda alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, ila si kwa hili. Alihisi hasira ikimjaa mpaka masikioni. Akainua mkono, na askari wakatoka.

Haikuchukua muda. Kijana wa kwanza alikamatwa bastola ikiwa bado kotini, wa pili alikimbilia katikati ya ng'ombe na madalali wakamrudisha wenyewe. Bishar hakukimbia. Alibaki mlangoni akimtazama Roda kama mtu aliyekosewa adabu.

"Ulinipigia leo asubuhi," Roda alisema.

"Nilikuuliza wewe kwanza," Bishar alijibu. "Hukusema. Mtoto yangu akaangalia kwa ile abu ya ukoo, hiyo Abtirsi, akaona."

"Na Jumatatu pia aliona?"

Bishar alishika bakora yake vizuri zaidi. "Afande, wewe ni mgeni kwa mambo yetu. Baadaye wasee wa Aden na sisi tumekaa. Tumekubali mag, ngamia ya damu. Tumebeana mikono, tumesoma fatiha. Yeye akisema kortini, makubaliano imefunjika, na fijana wataanza kuuana. Nani atawasika kaburini? Mimi nilitaka anyamase tu, arudi nyumbani."

"Na hawa wenye bastola?"

"Hao ni watu wa Aden. Waliniahidi hawatamgusa."

"Nawe ukaamini."

Mzee aliwatazama wale vijana wawili, kisha akaangalia chini. Roda akajua kwamba hakuamini, hata siku moja. Akaagiza apandishwe garini.

*

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, alimpigia Diriye akamwambia afute. Kijana alifuta kila jina lililoingia bila mwenyewe kujua, huku askari akimsimamia, kisha akauliza kwa sauti ndogo kuhusu ile nakala ya kampuni. Roda akamwambia ataandika mashtaka, ataitafuta kampuni hiyo mpaka aijue kwa sura, lakini hawezi kudanganya kwamba itapatikana leo.

Hakutaka kumdanganya Jawahir pia. Alimweleza yote, toka kidole cha Leyla mpaka sauti ya Bishar mlangoni. Jawahir alisikiliza bila kukatiza. Aliposikia jina la shemeji yake alifumba macho, akayafumbua.

"Walichukua ngamia kwa ajili ya Abshir," alisema, "na hakuna aliyeniuliza."

"Mwendesha mashtaka anaweza kuomba kesi isogezwe," Roda alisema. "Tukupeleke mbali, Mombasa hata Kisumu, jina jipya. Lakini nakwambia kweli, abaayo. Jina lako limekwisha kutoka, na sijui liko kwenye mikono mingapi. Siwezi kulikusanya lote."

"Kwa hiyo nikijificha tena, wanaweza kuniona tena."

"Wanaweza."

Jawahir aliinuka, akakung'uta buibui lake.

"Basi kesho hiyo hiyo. Usisogeze." Akafikiri kidogo. "Na Leyla aje. Akae kiti ya mbele."

Roda alidhani hakuelewa. "Jina lako lilitoka kwa Leyla."

"Nimesikia, afande. Ameshakosea, na analia, namjua." Alianza kukunja mkeka. "Lakini kesho ndani ya ile korti watakuwa watu wa Aden, na watu wa Bishar, na nyinyi. Nitamwambia hakimu vile Abshir alikufa, na sitaki kuyasema mbele ya watu ambao wananitafuta tu. Nataka mtu mmoja anayenijua."

Roda alitoa simu yake, akampigia Leyla.

"Kesho saa mbili," alimwambia. "Njoo mapema, upate kiti cha mbele."